Kumpatia Makazi Paka Mzee Mgonjwa: Mambo Ambayo Familia Inapaswa Kuyafahamu

Katika vituo vinavyohifadhi paka waliopotea, walioachwa au waliookolewa mitaani, paka mzee mwenye maradhi ni miongoni mwa wanaosubiri muda mrefu zaidi kupata familia. Wageni huvutiwa na watoto wa paka wanaorukaruka. Wakifika kwenye kizimba cha mzee husoma neno moja, "mgonjwa", kisha huendelea na njia yao. Neno hilo hubeba mambo mengi mno. Laweza kumaanisha meno mabovu yanayotibika kwa siku moja, figo zitakazodumu miaka mitatu, au figo zilizobakiza miezi mitatu. Laweza pia kumtia mzazi hofu kwamba watoto wake wataambukizwa.

Makala haya yanaeleza maradhi yanayowapata paka wazee, yapi kati yake yana hatari kwa binadamu, na namna ya kumwandaa paka wa aina hii ili apate makazi yanayomfaa. Hoja kuu ni kwamba mara nyingi kinachomnyima paka huyu nyumba ni kutofahamika kwa ugonjwa wake. Ugonjwa uliopimwa, ukatajwa kwa jina na ukaelezwa kwa uwazi, ni ugonjwa ambao familia inaweza kuupangia.

Paka mzee hufikaje kituoni?

Vituo vya kuhifadhi wanyama wa nyumbani vina historia ndefu. Kituo cha Battersea mjini London, kilichoanzishwa mwaka 1860 kwa ajili ya mbwa, kilianza kupokea paka mwaka 1883. Katika Afrika Mashariki vituo kama hivyo ni vichache, ingawa Nairobi lipo shirika la KSPCA linalopokea mbwa na paka na kuwatafutia makazi. Paka wengi wa miji ya mwambao huishi masokoni, kwenye madiko ya samaki na vichochoroni, wakilishwa na watu wengi bila kuwa na mwenyewe mmoja.

Paka mzee anayeletwa kituoni, tofauti na hao, mara nyingi aliwahi kuwa na nyumba. Mwenyewe amefariki, amelazwa hospitali, amehamia mahali pasiporuhusu wanyama, au ameshindwa kumudu gharama za matibabu. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, yaani aliye wa nyumba hafukuzwi. Lakini nyumba yenyewe ikifungwa, paka huyo hubaki hana pa kurudi.

Kwa makadirio yanayotumiwa na madaktari wa wanyama, paka wa miaka 10 hulingana na binadamu wa takriban miaka 56, na wa miaka 15 hulingana na mtu wa takriban miaka 76. Kumweka mzee wa namna hiyo ndani ya kizimba, katikati ya kelele na harufu za wanyama wasiojulikana, ni mzigo kwa mwili wake. Msongo huamsha virusi vya mafua ya paka vilivyokuwa vimelala mwilini, na humfanya asile. Paka asiyekula kwa siku kadhaa, hasa akiwa mnene, huweza kupata ugonjwa wa mafuta kujaa kwenye ini, ambao ni hatari kwa uhai wake. Kwa hiyo muda ni sehemu ya tiba: kila juma analokaa kizimbani humpunguzia afya ileile ambayo familia itaiangalia inapomchagua.

Zipo hatua ndogo zinazosaidia wakati wa kusubiri. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba paka wapya waliopewa sanduku la kujificha kituoni walipunguza msongo mapema kuliko wenzao wasiopewa. Sanduku la katoni lenye tundu halina gharama, na paka anayejisikia salama huanza kula na kuwakaribia wageni.

Maradhi ya kawaida ya paka wazee

Maradhi sugu ya figo ndiyo yanayotajwa zaidi. Figo za paka, kama za binadamu, zina akiba kubwa, hivyo dalili huchelewa. Uwezo wa kukoleza mkojo hupungua pale ambapo takriban theluthi mbili za uwezo wa figo zimekwisha kupotea, na kreatinini katika damu hupanda waziwazi baada ya takriban robo tatu kupotea. Paka hunywa maji mengi, hukojoa sana, hukonda na manyoya yake hufifia. Madaktari wa wanyama huugawa ugonjwa huu katika hatua nne kwa kupima kreatinini, mkojo na shinikizo la damu.

Mgawanyo huo una maana kubwa kwa anayetaka kumchukua paka. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2008, nusu ya paka waliobainika wakiwa katika sehemu ya juu ya hatua ya pili waliishi zaidi ya siku 1,151. Kwa walio hatua ya tatu kipimo hicho kilikuwa siku 778, na kwa walio hatua ya nne kilikuwa siku 103. Paka wote hao wangeweza kuandikwa kwenye kadi ya kizimba kwamba ni "wagonjwa wa figo", ilhali mmoja anahitaji familia ya miaka mitatu na mwingine anahitaji mahali pa kupumzikia kwa miezi mitatu. Matunzo ni chakula maalumu chenye fosforasi kidogo, maji safi wakati wote, dawa za kushusha shinikizo la damu kama amlodipini inapohitajika, na kwa baadhi yao maji ya dripu chini ya ngozi, ambayo mlezi hufundishwa kuyaweka nyumbani.

Ugonjwa wa pili ni tezi ya thairoidi kufanya kazi kupita kiasi. Paka hula sana huku akikonda, moyo humwenda mbio na hawezi kutulia. Hutibiwa kwa methimazoli au kabimazoli, dawa zinazotumika pia kwa binadamu. Mjamzito hapaswi kusaga wala kushika vidonge hivyo kwa mikono mitupu, na anapaswa kuepuka kabisa dawa hiyo inapotengenezwa kwa njia ya kupaka sikioni, kwa kuwa yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Kisukari cha paka hufanana zaidi na kisukari cha aina ya pili cha binadamu. Paka wengi huhitaji sindano ya insulini mara mbili kwa siku, na baadhi yao, wakitibiwa mapema na kubadilishiwa chakula, hufikia hatua ya kutohitaji insulini tena kwa muda. Meno na fizi pia husumbua sana. Paka mwenye maumivu ya kinywa huonekana mkali au mnyong'onyevu, na tabia yake hubadilika mara baada ya meno mabovu kung'olewa. Baridi yabisi ya viungo humfanya ashindwe kuruka au kuingia kwenye sanduku la mchanga lenye kingo ndefu, naye hudhaniwa kuwa mchafu kumbe anaumwa.

Maradhi yote yaliyotajwa katika sehemu hii hayaambukizi. Mtoto hawezi kupata kisukari, ugonjwa wa figo wala wa tezi kwa kulala karibu na paka.

Hofu ya kuambukizwa na ukweli wake

Yapo maradhi mawili ya virusi ambayo majina yake pekee hutosha kumfungia paka milango yote. La kwanza ni upungufu wa kinga wa paka, ambao kirusi chake kiligunduliwa mwaka 1986 huko California na Niels Pedersen na Janet Yamamoto. Kirusi hicho ni cha ukoo mmoja na VVU, na ndiyo maana baadhi ya watu huuita ugonjwa huo UKIMWI wa paka. Hata hivyo hakimwambukizi binadamu, si kwa kung'atwa, kukwaruzwa wala kulambwa. Huenea baina ya paka kwa paka, hasa kwa majeraha ya kung'atana. Paka mwenye kirusi hicho huweza kuishi miaka mingi akiwa na afya, mradi akae ndani na asipigane. La pili ni kirusi cha lukemia ya paka, kilichotambuliwa na William Jarrett mjini Glasgow mwaka 1964. Hicho ni kikali zaidi kwa paka wenyewe, na aliye nacho asichanganywe na paka wasio nacho. Lakini nacho hakimdhuru binadamu.

Toksoplasma ni jambo la kuzingatiwa, na linahitaji maelezo sahihi. Paka ndiye mnyama ambaye ndani ya utumbo wake vimelea hivi hukamilisha uzazi na kutoka na kinyesi. Hata hivyo, kwa kawaida paka huvitoa kwa juma moja hadi matatu tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, jambo linalotokea zaidi akiwa mdogo na anapoanza kuwinda. Vimelea vilivyo kwenye kinyesi huhitaji siku 1 hadi 5 kukomaa kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Kwa hiyo sanduku la mchanga likisafishwa kila siku, hatari hupungua sana. Watu wengi huambukizwa kwa kula nyama isiyoiva vizuri, mboga na matunda yasiyooshwa, au kwa udongo uliochafuliwa.

Mjamzito na mtu mwenye kinga dhaifu, akiwamo anayeishi na VVU ambaye CD4 zake zimeshuka, wanashauriwa kumwachia mtu mwingine kazi ya kusafisha sanduku. Ikiwa hakuna wa kusaidia, wavae glavu na kunawa mikono kwa sabuni. Hawalazimiki kumwondoa paka nyumbani. Katika suala hili uzee wa paka ni faida. Watu wenye kinga dhaifu hushauriwa kuchagua paka aliyezidi mwaka mmoja, kwa kuwa watoto wa paka ndio hueneza zaidi vimelea vya matumbo na bakteria wa ugonjwa wa mkwaruzo wa paka, unaohusishwa na viroboto. Paka anayehara, wa umri wowote, apimwe kinyesi na kutibiwa kabla ya kuingia katika nyumba yenye mtu wa aina hiyo.

Mambo matatu yanastahili tahadhari ya kweli. La kwanza ni kichaa cha mbwa, ambacho paka naye hukipata na kukiambukiza, na ambacho dalili zake zikishaanza kwa binadamu ni kifo. Paka asitolewe kituoni bila chanjo yake, na asichukuliwe moja kwa moja kutoka mtaani akiwa na dalili za ugonjwa usiojulikana. La pili ni mapunye na fangasi wengine wa ngozi, wanaoenea kwa urahisi kutoka kwa paka hadi kwa watoto. Ngozi ikaguliwe kabla paka hajatoka. La tatu ni kung'atwa. Meno ya paka ni membamba, hupenyeza bakteria ndani ya mwili, na mkono huweza kuvimba ndani ya saa chache. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa matibabu na ili ipimwe haja ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kumwandaa paka na kuandika taarifa yake

Kabla ya kutangazwa, paka mzee anapaswa kufanyiwa uchunguzi wenye kutoa majibu yanayoeleweka. Vipimo vya msingi ni uzito, hali ya kinywa, kreatinini, sukari na homoni ya thairoidi katika damu, mkojo, shinikizo la damu, na kipimo cha virusi viwili vilivyotajwa. Achanjwe, apewe dawa ya minyoo na viroboto, na ahasiwe ikiwa hali yake inaruhusu. Meno yakihitaji kung'olewa, yang'olewe akiwa bado chini ya uangalizi wa kituo. Uzito uandikwe kila juma, kwa sababu mwenendo wa uzito humweleza mlezi mtarajiwa mengi kuliko kipimo cha siku moja.

Taarifa itakayowekwa wazi kwa umma ijibu maswali ambayo kila familia hujiuliza hata isipoyatamka: anaumwa nini na uko hatua gani, je, ugonjwa unaambukiza watu au wanyama wengine, anahitaji kufanyiwa nini kila siku na huchukua dakika ngapi, gharama ya mwezi ni kiasi gani, na anatarajiwa kuishi kwa makadirio gani. Baada ya hayo yafuate mambo yanayomtambulisha kama kiumbe: kwamba hupenda kulala penye jua, huogopa mbwa, huitika akiitwa, au humeza kidonge bila shida kikifichwa ndani ya kipande cha samaki.

Mfano wa taarifa ya namna hiyo ni huu: "Paka jike wa miaka 13. Ana maradhi ya figo hatua ya pili, yasiyoambukiza. Hula chakula maalumu na humeza nusu kidonge asubuhi. Hupimwa damu kila baada ya miezi mitatu. Ni mtulivu, amezoea watu wazima, hapendi kubebwa na watoto wadogo." Maneno hayo machache yana faida zaidi kuliko maombi marefu ya huruma. Huruma humleta mtu mlangoni, lakini ni taarifa inayomwezesha kusema ndiyo akiwa anajua anachokubali. Kuficha ugonjwa hakuna tija, kwa maana paka atarudishwa, na kila kurudishwa humwongezea msongo na kumpunguzia nafasi.

Nyumba ipi inafaa?

Paka mzee hahitaji eneo kubwa. Anahitaji utulivu, ratiba isiyobadilika na mtu anayekuwapo nyumbani kwa muda mwingi. Kwa sababu hiyo wastaafu, wanandoa wasio na watoto wadogo na watu wanaofanyia kazi nyumbani huwa walezi wazuri. Mtu mwenye umri mkubwa anayesita kuchukua mtoto wa paka, akihofia atakayemlea miaka 15 ijayo, anaweza kulingana vema na paka ambaye naye yu katika machweo ya maisha. Hata hivyo iandikwe mapema ni nani atakayempokea paka endapo mlezi ataugua au kufariki, na kituo kikubali kumpokea tena. Yafaa pia kuuliza kama kuna mtu wa nyumbani mwenye pumu au mzio wa paka, na kumwalika akae na paka huyo kabla ya uamuzi.

Mara nyingi kikwazo cha mwisho ni fedha. Utaratibu unaosaidia ni ule wa ulezi wa kudumu: paka huendelea kuwa chini ya kituo, kituo hugharimia dawa na vipimo, na familia hutoa nyumba, chakula na upendo hadi mwisho wa maisha yake. Kituo hupata nafasi ya kuokoa paka mwingine, na familia haibebi bili isiyotabirika. Pale ambapo uwezo haupo, kipindi cha majaribio cha majuma mawili hadi manne huipa familia nafasi ya kujipima bila kuona aibu ya kushindwa.

Siku za mwanzo na hatari zilizojificha nyumbani

Anapofika, paka apewe chumba kimoja chenye maji, chakula alichozoea, sanduku la mchanga lenye kingo fupi na mahali pa kujificha. Asilazimishwe kushikwa. Chakula kibadilishwe taratibu kwa siku kadhaa. Akipitisha siku nzima bila kula, daktari wa wanyama apigiwe simu.

Dawa za binadamu ziwekwe mbali. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunjavunja dawa kadhaa ambazo binadamu huzimudu, na kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumuua. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini humletea paka mitetemeko na degedege. Maua ya yungiyungi ya bustanini, yale ya jamii ya lilium, huharibu figo zake hata kwa kiasi kidogo cha chavua anachokilamba kwenye manyoya. Kwa paka ambaye figo zake tayari ni dhaifu, makosa haya hayana nafasi ya kurekebishwa.

Kujiandaa kwa mwisho

Familia inayompokea paka wa aina hii inapokea pia jukumu la kumsindikiza. Ni vema jambo hili lizungumzwe tangu mwanzo, watoto wakiwamo, kwa lugha inayolingana na umri wao. Daktari wa saratani za wanyama, Alice Villalobos wa Marekani, alipendekeza mwaka 2004 kipimo chenye vipengele saba: maumivu, hamu ya chakula, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema bado ni nyingi kuliko mbaya. Kila kipengele hupewa alama 0 hadi 10, na jumla inayozidi 35 huashiria kwamba maisha bado yanafaa kuendelezwa. Alama zikishuka na kubaki chini, daktari wa wanyama huweza kumaliza uhai wa paka kwa sindano bila maumivu, akiwa mikononi mwa watu anaowajua. Kufia katika mikono hiyo, badala ya kizimbani, ni sehemu ya kile ambacho nyumba humpa.

Hitimisho

Paka mzee mgonjwa anaweza kupata nyumba iwapo wanaomhifadhi watampima, watautaja ugonjwa wake kwa jina na hatua yake, na watatenganisha bayana maradhi yanayoambukiza na yasiyoambukiza. Familia nayo, kabla ya kupita kizimba chake, iulize maswali matano: ni ugonjwa gani, unaambukiza nani, unahitaji nini kila siku, unagharimu kiasi gani, na paka huyu anatarajiwa kuishi muda gani. Majibu yakiwa ya kweli na yakilingana na uwezo wa nyumba, hakuna sababu ya kitabibu ya kumwacha mzee huyo aendelee kusubiri.